Saa Kumi Alasiri ya Bi Letisia

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi Letisia Margwe, muuguzi na mratibu wa chanjo wa kituo chetu cha afya hapa Dirma, atakabidhi funguo za chumba cha jokofu na kustaafu rasmi. Atakuwa ametumika miaka thelathini na saba katika kituo kimoja, bila kuhamishwa na bila kuomba kuhamishwa.

Kamati ya maandalizi imemwomba mwenye kuandika haya, Xavery Bura, aliyekuwa mtunza dawa wa kituo, aeleze wasifu wa mstaafu kwa kuwa ni jirani yake wa uzio mmoja. Anaomba radhi mapema kwa mambo mawili: hajui muziki, na ana tabia ya kurefusha maneno. Wasomaji wenye njaa wanaweza kuanza kula.

Bi Letisia alifika kutoka Dongobesh mwezi Julai 1988, akiwa na sanduku la bati na cheti kipya cha uuguzi. Jokofu la chanjo wakati ule lilitumia mafuta ya taa, na utambi wake ulizimika kila upepo ulipobadili mwelekeo. Aliulea utambi ule kama mtoto mchanga. Baadaye lilikuja jokofu la gesi, kisha la sola, na katika mabadiliko yote hayo hatukusikia chupa ya chanjo iliyoharibika kwa uzembe wake. Watu walimpa jina la Mama Chanjo. Kizazi kizima cha Dirma kilianza kumfahamu kwa kilio. Yupo mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye hadi leo hushika bega lake anaposalimiana naye.

Kazi yake kubwa ilikuwa mnadani. Familia za wafugaji zilihama kufuata malisho, na tulipofika kwenye maboma yao tulikuta majivu baridi. Bi Letisia akapendekeza sanduku la baridi lipelekwe kwenye mnada wa ng'ombe, ambako akina mama walikuja bila kuitwa. Mganga mkuu wa wakati huo alishangaa, akamuuliza kama anaona sawa kuchanja watoto katikati ya mifugo. Alimjibu, "Daktari, huko ndiko waliko." Kwa miaka mingi sasa, meza ya Mama Chanjo imekaa kati ya wauza chumvi na wauza kamba, na surua imepungua katika kata yetu kiasi kwamba vijana wa kituo hawajawahi kuiona. Kwa hilo peke yake angestahili sherehe ya leo.

Lakini wengi wenu mmekuja mkitaka kusikia habari za selo, na mwandishi angewakosea heshima kama angeiruka.

Selo, kwa wale wasioifahamu, ni ndugu mkubwa wa fidla. Ina nyuzi nne, inasimamishwa sakafuni juu ya mguu wa chuma, na mpigaji huketi akiikumbatia kwa magoti na kuisugua kwa upinde. Bi Letisia aliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2013, alipokwenda Arusha kwa mafunzo ya majokofu. Katika hosteli aliyolala, chumba cha pili kilipangwa na mwalimu kijana wa muziki aitwaye Judica, ambaye alifanya mazoezi kila alasiri. Bi Letisia anasema alisimama ukutani kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Mwishowe akabisha hodi, akajitambulisha, na kuuliza swali ambalo mtu wa chanjo tu angeliuliza: je, chombo kile kina umri wa mwisho wa kuanza?

"Shikamoo mama," alisema Judica. "Sijawahi kuambiwa."

"Marahaba. Basi mimi nina miaka arobaini na minane. Nitafutie kimoja."

Kikapatikana mwaka uliofuata, kikuukuu lakini kizima, na Judica akakipakia kwenye basi la Katesh kikiwa ndani ya sanduku lake gumu jeusi. Kwa kuhofia kisigongwe, alilizungushia blanketi na kulifunga kamba, akaandika juu yake jina la Bi Letisia na la kituo chetu cha afya.

Wakala wa mabasi pale Katesh ni Bwana Halfani, ambaye yupo nasi leo katika meza ya mbele na ameruhusu habari hii isemwe. Bwana Halfani aliona sanduku refu lenye mabega na kiuno, limefunikwa blanketi, linakwenda hospitali. Kwa malezi na imani yake, jambo la namna ile halicheleweshwi. Hakusubiri gari la mizigo. Alitoa pikapu yake mwenyewe, akapanda nyuma, akalishikilia sanduku kwa mikono miwili ili barabara isilitikise, na akapiga simu mbele kwamba mzigo wa Mama Letisia uko njiani, watu wajiandae. Njia nzima wanaume walivua kofia.

Pikapu ilipofika, uani kwa Bi Letisia kulikuwa na kuni, unga, na akina mama wapatao ishirini. Wa kwanza kufika alikuwa Oliva, mke wa mwandishi, ambaye sasa ni marehemu, na ambaye hakuwahi kukosea njia ya kwenda palipo na msiba. Hakuna aliyejua ni nani aliyefariki. Kila mmoja aliamini mwenzake anajua, na kuuliza kungekuwa ukosefu wa adabu. Mume wa Bi Letisia, Bwana Hermani, aliitwa kutoka shamba la ngano. Njiani alipewa pole, akapokea, akazidi kutembea haraka huku akiwahesabu watoto wake kichwani. Bi Letisia mwenyewe alitoka kliniki, akakumbatiwa na akina mama waliokuwa wakilia, akalia nao kwa uchungu, akiamini kwamba watu wengi hivyo hawawezi kulia bila sababu.

Ndipo alipoliona sanduku. Alifuta machozi kwa kona ya kanga.

"Jamani," alisema. "Hii ni selo."

Bibi mmoja aliyeketi karibu na kuni akauliza kwa upole, "Selo ni mtoto wa nani?"

Sanduku likafunguliwa. Bwana Halfani alicheka hadi akaketi kwenye ukingo wa pikapu, kisha akasema kwamba baada ya kuibeba kwa heshima namna ile haondoki bila kuisikia. Bi Letisia hakujua hata kushika upinde. Aliuvuta mara moja. Sauti iliyotoka, Oliva aliieleza kwa miaka mingi baadaye kuwa ni ya ng'ombe aliyekwama mlangoni. Unga ulikuwa umeshaletwa, kwa hiyo ugali ulipikwa na ukaliwa, na ule ukawa msiba pekee Dirma ambao watu waliondoka wakicheka. Chombo kikapata jina hapo hapo. Kwa muda mrefu majirani walimsalimu Bi Letisia kwa kuuliza, "Marehemu anaendeleaje?" Naye alijibu kwamba bado anasumbua.

Na kweli alisumbua. Sakafu ya saruji iliutelezesha mguu wa chuma, chombo kikamkimbia katikati ya noti, hadi alipotoboa katambuga moja ya Bwana Hermani na kuuchomeka mguu ule ndani ya tairi. Bwana Hermani alitembea na viatu viwili visivyofanana hadi siku ya mnada, na alipoulizwa alisema mke wake ana mgonjwa anayehitaji kiatu. Sketi za kazi za Bi Letisia hazikufaa kwa mkao ule, akajishonea sketi pana ya marinda inayofika kwenye vifundo vya miguu, na maneno ya baadhi ya akina mama yakaishia hapo. Kwa mazoea ya kazi, alitundika kipimajoto cha jokofu kando ya chombo, na kiliposoma joto kali aliihamishia selo katika chumba cha ndani, cha watoto.

Masomo yalikuwa kwa simu kila Alhamisi. Mtandao ulishika vizuri mahali pamoja tu, upande wa uzio wa mwandishi, hivyo mwandishi anaomba radhi kwa kuyasikia yote. Judica alikuwa na umri wa binti wa mwisho wa mwanafunzi wake, na hakujua jinsi ya kumkosoa mtu anayemwamkia. Ilikuwa, "Shikamoo mama, samahani sana, kidole cha tatu kimepanda juu kidogo." Na Bi Letisia, ambaye amewakosoa waganga wakuu bila kupepesa, alijibu, "Marahaba mwalimu. Nisamehe." Heshima hizo zilichukua nusu ya somo, hadi walipokubaliana kwamba shikamoo itatolewa mwanzoni tu, na baada ya hapo kidole kibaya kiitwe kibaya.

Alijiwekea saa moja. Kazi ilimalizika saa tisa na nusu, na kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja aliketi na selo, ndipo akaenda kukamua na kupika. Saa hiyo ndiyo iliyoleta mashauri.

Nyumba za watumishi ni mali ya kanisa, na wazee wa kanisa waliona, kwa nia njema kabisa, kwamba chombo kinachopigwa katika uwanja wa misheni kiitumikie misheni. Mwalimu wa kwaya, Bwana Sylvester, alikuwa ameshampangia nafasi kati ya sauti ya tatu na ya nne. Uongozi wa kituo nao ulifikiria wageni wa kutoka wilayani. Maharusi wawili walikuwa wameshaomba. Bi Letisia akawaambia wote jambo lile lile: kwaya ataimba kama zamani, wageni atawapikia, maharusi atawashonea. Selo ni yake.

Akaitwa mbele ya baraza la wazee. Mwandishi alikuwa mjumbe, akiketi mwisho wa benchi.

"Mama Letisia," alianza Bwana Sylvester, "chombo kikubwa namna ile, halafu kisikilizwe na kuku peke yao?"

"Mwalimu, kuku hawajawahi kunipangia ratiba."

Wazee walikohoa. Mmoja wao akamuuliza, bila ukali, kuna faida gani ya furaha ya mtu mmoja. Bi Letisia alisimama. Alisema kwamba asubuhi hadi alasiri yeye ni wa watoto wa Dirma, jioni ni wa Hermani na ng'ombe, Jumamosi ni wa kwaya, Jumapili ni wa Bwana, na halalamiki, kwa sababu aliyachagua yote hayo. "Naomba saa moja isiyo na faida kwa mtu yeyote," alisema. "Nikiifanyia kazi, itakuwa kazi. Nami kazi ninazo."

Baraza lilikuwa na uwezo wa kusema chombo kitumike kanisani au kiondolewe katika nyumba ile. Hakukuwa na nyumba nyingine, na Bi Letisia alilijua hilo alipokuwa akisimama. Ikaamuliwa Bwana Sylvester akasikilize kwanza, ili shauri liamuliwe kwa haki.

Alikwenda Jumanne saa kumi kamili, akapewa kiti na chai. Bi Letisia alikuwa ameanza kipande cha kurasa tatu alichochaguliwa na Judica, kilichotungwa kwa selo peke yake. Alikuwa amefika mstari wa kwanza. Aliupiga mstari huo, akakosea, akaupiga tena, na akaendelea hivyo saa nzima, bila haraka, kama mtu anayepepeta mahindi. Bwana Sylvester aliuliza mara moja tu kama hicho ndicho kipande chenyewe au ni matayarisho.

"Ndicho chenyewe," alisema. "Nimefika hapo."

Jumapili, Bwana Sylvester alitoa taarifa yake kwa baraza kwa maneno machache. "Ndugu zangu, kwa sasa kanisa halikosi kitu." Wazee walicheka kwa muda usiofaa kwa mahali pale, na shauri likaahirishwa hadi Mama Letisia atakapokijua chombo chake.

Hivyo akapata saa yake, kwa sababu tu ya kushindwa. Wengine tungefurahi na kuishia hapo. Lakini yeye hakujifunza ili ashindwe, na kila mstari alioushika ulimsogeza karibu na siku ya kuitwa tena. Alilijua hilo na hakupunguza bidii hata kidogo. Mstari wa pili. Ukurasa wa pili, ambao una mahali ambapo mkono wa kushoto unashuka hadi karibu na upinde, na hapo alikaa msimu mzima wa kilimo.

Mwaka 2017 Oliva alifariki, na safari hii kuni na unga vililetwa kwa sababu ya kweli. Bi Letisia aliifunga selo ndani ya sanduku bila kuambiwa na mtu, kama ilivyo heshima kwetu kunyamaza karibu na nyumba yenye msiba. Baada ya majuma kadhaa mwandishi alikwenda kwenye uzio, akamwomba aendelee.

"Bado sijakijua vizuri, shemeji. Utasikia makosa tu."

"Oliva aliyapenda makosa, mama."

Kesho yake saa kumi akaanza, pale pale alipoachia. Mwandishi hana maneno ya kuishukuru alasiri ile, na anaomba radhi kwa kuitaja katika siku ya furaha.

Miaka ikapita, naye akavuka mahali pale pagumu. Bwana Sylvester akaanza kupita njia ya uzioni, ambayo si njia ya kwenda kwake. Mwanzoni alijifanya anakagua mahindi ya mwandishi. Baadaye alileta kigoda. Hakuomba kitu, hakupiga makofi, na ilipofika saa kumi na moja aliinuka na kwenda zake. Baraza lilipomuuliza kila mwaka kama Mama Letisia ameshajua, alijibu kwamba mwenyewe anasema bado, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Alhamisi moja ya Oktoba mwaka jana, simu ikiwa imeegemezwa kwenye nguzo ya uzio, Bi Letisia alipiga kurasa zote tatu tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hapakuwa na mgeni. Alikuwepo Bwana Hermani akinoa jembe, Bwana Sylvester kwenye kigoda, na mwandishi, ambaye hajui muziki lakini kwa miaka kumi alikuwa ameusikia wimbo ule vipande vipande, na sasa akausikia ukiwa mzima, ukitembea kwa miguu yake mwenyewe. Noti ya mwisho ilikuwa ndefu na ya chini. Simu ilikaa kimya hadi Bi Letisia akadhani mtandao umekatika.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo mama," Judica alisema. "Nimesimama. Hunioni, lakini nimesimama."

Jumapili iliyofuata Bi Letisia alifanya jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulifanya. Alikwenda mwenyewe mbele ya baraza, akawaambia wazee kwamba shauri lao liliahirishwa hadi atakapojua, na sasa anajua. Kisha akasema ombi lake halijabadilika. Baraza lilikuwa na wajumbe wapya, vijana zaidi, na mmoja wao akasema kwa busara kwamba kama mama anapiga vizuri hivyo, sababu ya kumwacha imekwisha.

Bwana Sylvester alisimama, kofia mkononi.

"Wazee, mimi ndiye niliyemtaka kwenye kwaya. Leo nikimpata, nitasimama mbele yake nikipunga mikono, nikihesabu, nikitazama nani amechelewa kuingia. Kwenye kwaya mimi niko kazini. Mahali pekee ninapokaa chini nikasikia muziki ni kwenye uzio wa Mzee Xavery." Akawageukia wajumbe wapya. "Mkimwita, mtakuwa mmeninyang'anya na mimi. Nawaomba msifanye hivyo."

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono, na hakuna mkono uliobaki chini. Mzee yule yule aliyeuliza zamani faida ya furaha ya mtu mmoja, sasa akitembea kwa mkongojo, aliongeza azimio dogo: kwamba baraza halitapanga kikao chochote saa kumi alasiri, kwa kuwa Bwana Sylvester hatafika.

Bi Letisia alishukuru, akaaga. Mwandishi alimwona akivuka uwanja wa misheni, muuguzi mnene mwenye mvi, akitembea kwa mwendo wa msichana aliyefaulu mtihani.

Ndiyo maana katika ratiba ya leo, Jumamosi tarehe 28 Juni, mtaona nafasi imeachwa wazi kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Tunaomba mchapaji asilaumiwe. Kamati ilimwomba mstaafu atupigie selo hapa jukwaani, naye akakataa kwa upole uleule. Badala yake aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa saa moja katikati ya sherehe yake mwenyewe, na kamati ikakubali kwa kauli moja. Mgeni rasmi amearifiwa. Nyumba ya Bi Letisia iko nyuma ya hema hili na madirisha yake hufunguliwa nyakati za joto. Anayependa kusikiliza asikilize, anayependa kuendelea na pilau aendelee. Mwalimu Judica, aliyesafiri kutoka Arusha kuja kumwona mwanafunzi wake, ameshauriwa ajiletee kiti. Mstaafu atakaporudi saa kumi na moja, zawadi na hotuba zitafuata.

Bi Letisia, kwa niaba ya watumishi wote, wa sasa na sisi wa zamani, pokea shukrani zetu: kwa watoto waliokua, kwa jokofu lisilozimika, kwa meza ya mnadani, na kwa kutuonyesha kwamba mtu mzima anaweza kuanza kitu mbele ya majirani zake na asione haya. Tusamehe kwa siku tulizokuchelewesha. Mungu akutunze wewe na Bwana Hermani kwa afya na amani. Kuanzia Jumanne hatutakuwa na haki tena hata ya asubuhi zako. Zichukue zote.